Kujenga nyumba ya chini ya kisasa Dar es Salaam: hesabu za kufanya kabla ya kuchimba msingi

Pita Goba, Madale, Kivule, Chanika au Kibada utaona maboma yaliyoota majani hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Wenye maboma hayo wengi walikuwa na fedha, tena nyingi. Walimuuliza fundi, "Nyumba ya vyumba vitatu inachukua shilingi ngapi?", wakatajiwa namba moja, wakaanza. Namba ile ilikuwa ya boma tu. Paa, plasta, umeme, maji, choo, madirisha na marumaru havikuwamo.

Kwa hiyo katika mwongozo huu tutahesabu vitu kwanza, shilingi baadaye. Bei ya saruji hupanda na kushuka, lakini idadi ya tofali zinazoingia kwenye ukuta wa mita kumi ni ileile mwaka huu na mwakani. Ukishakuwa na idadi mkononi, bei utaiulizia dukani wiki unayonunua.

Nitatumia nyumba moja ya mfano mpaka mwisho: vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, pamoja na sebule, sehemu ya kulia chakula, jiko, stoo na choo cha familia. Ukubwa wake ni mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Kuta za nje zina urefu wa mita 44, na za ndani tuchukulie mita 46. Jumla mita 90 za ukuta. Shika hiyo 90, tutairudia mara nyingi.

Anza na kiwanja, hata kama unacho tayari

Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi kabla ya kutumia senti moja: jina ni la nani, hakuna rehani benki, hakuna zuio la mahakama. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, hivyo angalia pia imebaki mingapi. Kama ni eneo ambalo halijapimwa, karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana mbele ya mashahidi. Haikupi hati. Ulizia kama mtaa uko kwenye urasimishaji na kama mchoro wa mipango miji umepitisha barabara, shule au eneo la wazi juu ya kiwanja chako.

Halafu tembea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilibomolewa, na mwaka 2017 zikafuata nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Wako waliopoteza kazi ya maisha yao yote. Mtu akikuuzia kwa bei ya chini kiwanja kilicho jirani na korongo au barabara kuu, muulize afisa ardhi wa manispaa na watu wa barabara kwanza. Jirani aliyekaa pale muda mrefu muulize swali moja tu: masika maji hufika wapi?

Mteremko ndio gharama ambayo wengi hawaihesabu. Goba, Mbezi Makabe, Kimara na Kinyerezi kuna mandhari nzuri kwa sababu kuna vilima, na kilima kinadai fedha ya msingi. Chukua nyumba yetu ya mfano. Ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 10, upande mmoja wa nyumba utakuwa juu ya mwingine kwa mita 1.2 hivi. Wastani wake ni sentimita 60 za ukuta wa ziada wa msingi kuzunguka nyumba nzima, kuta za ndani zikiwemo. Hizo ni tofali kama 700 zaidi, pamoja na mita za ujazo 72 za kifusi cha kujaza na kushindilia kabla ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Bado hujajenga ukuta wa kuzuia udongo. Mara nyingi kiwanja cha tambarare kilichoonekana ghali kinakuwa rahisi kuliko kile cha kilimani ukijumlisha hivi.

Udongo nao uchunguze. Chimba shimo la mita moja na nusu pale nyumba itakapokaa. Ukikuta mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, mtafute mhandisi kabla ya kukubali msingi wa kawaida. Ukikuta maji yanachuruzika shimoni, kama inavyotokea sehemu za chini za Kigamboni na Mbagala, jua kwamba shimo la choo litajaa kila masika na jamvi litahitaji kunyanyuliwa.

Ramani ndipo unapookoa fedha nyingi zaidi

Akiba kubwa hupatikana kwenye karatasi. Ukishamwaga msingi, kilichobaki ni kubana vitu vidogovidogo, na mara nyingi watu hubana saruji, jambo la hatari. Ni heri upunguze mita za mraba kuliko kupunguza saruji.

Punguza mita moja tu upande mmoja, nyumba iwe 12 kwa 9. Umeondoa mita 12 za mraba za jamvi, dari na marumaru, karibu mita 15 za mraba za bati, mifuko kama 8 ya saruji kwenye zege la jamvi peke yake, na mita kadhaa za kuta kutoka msingi hadi juu. Sebule bado itatosha. Muulize msanifu kila chumba: kitanda kinakaa wapi, mlango unafungukia wapi, kabati liko ukuta gani? Korido ndefu ni mita unazozilipia lakini hakuna anayelala humo.

Pembe nazo zihesabu. Mstatili una pembe nne. Ramani nyingi zinazosambazwa kwenye simu zina kumi au kumi na mbili, kwa sababu picha inapendeza. Kila pembe ya kuingia na kutoka inaongeza ukuta, na juu ya paa inazaa bonde la kukusanya maji, sehemu inayovuja kwanza.

Hapo tuzungumzie paa la kuficha, lile lisiloonekana kutoka chini kwa sababu limezungukwa na kuta, kwa kuwa ndilo linalotakiwa na karibu kila anayesema "nyumba ya kisasa". Ni zuri kwa macho, na linaweza kujengwa vizuri. Lakini Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka masika. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja juu ya paa letu ni zaidi ya lita 7,000. Paa linalopita ukuta huyatupa maji hayo mbali na ukuta. Paa la kuficha huyapeleka yote kwenye mfereji uliojificha nyuma ya kuta za juu, na mfereji huo ukiziba majani, maji yanaingia kwenye dari. Tena unapoteza kivuli cha paa juu ya madirisha, katika mji wenye jua kama hili. Ukilichagua, weka kwenye bajeti kuta za juu zenyewe na plasta yake, mfereji mpana wenye mteremko, matundu ya kumwagia maji ya dharura, na fundi aliyekwisha kujenga mapaa ya aina hiyo ambayo unaweza kwenda kuyaona baada ya mvua. Mimi humshauri mwenye bajeti ya kubana achague paa la kawaida lenye mgongo mmoja na lipite ukuta kwa sentimita 60 hadi 90.

Upepo ni wa bure, upange. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki miezi ya joto, Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili. Kila chumba cha kulala kipate dirisha pande mbili kama inawezekana, na upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini ili jua la jioni lisipige ukuta mkubwa. Hilo litakupunguzia matumizi ya kiyoyozi kila mwezi na halikuongezei hata tofali moja.

Baada ya hapo ramani ipelekwe halmashauri kwa ajili ya kibali cha ujenzi, iwe Jiji la Dar es Salaam (zamani Manispaa ya Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Ulizia mapema umbali wa kuacha kutoka mpaka na barabara, kisha ndipo msanifu achore. Kuanza bila kibali ni kujitafutia maandishi mekundu ukutani.

Hesabu ya vifaa

Mkadiriaji majenzi atakuandalia mchanganuo kamili wa gharama, ule ambao saiti huitwa BOQ. Mlipe, kazi yake inarudisha fedha yake. Lakini hata ukiwa na mchanganuo huo, jifunze kuuhakiki mwenyewe.

*Tofali.* Tofali ya inchi 6 yenye urefu wa inchi 18, pamoja na udongo wa kuungia, inachukua karibu sentimita 46. Mita 90 ukigawa kwa 0.46 unapata tofali 196 kwa kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali. Msingi wa kozi tano zilizolazwa ni 980. Kuta zikiwa na kozi 12 za kusimama, tisa chini ya lenta na tatu juu yake, ni 2,352. Toa nafasi za milango na madirisha, kama mita 35 za mraba, sawa na tofali 315. Ongeza zitakazovunjika. Utafika karibu 3,200 kwa nyumba nzima. Fundi akikuambia 5,000, mwombe akuonyeshe kozi kwa kozi zinakwenda wapi.

Ubora wa tofali unaanzia kwenye mfuko. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukitoa tofali 25 hadi 30 za inchi 6, hizo ni tofali. Wako wanaovuta mpaka 45. Kabla ya kununua, kwaruza ukingo kwa msumari, angusha moja kutoka usawa wa kiuno, na uulize zimemwagiliwa siku ngapi. Ukiamua kufyatua saiti kwako, tenga mifuko kama 115 kwa kazi hiyo peke yake na uhakikishe zinamwagiliwa kwa siku saba zisizopungua.

*Saruji ya boma.* Zege la chini ya msingi, upana sentimita 60 na kina 15, ni mita za ujazo 8, mifuko kama 36 kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Mkanda wa chini, lile zege lenye nondo juu ya kuta za msingi, mita za ujazo 4, mifuko 26. Jamvi la sentimita 10, mita za ujazo 12, mifuko 78 kwa 1:2:4. Lenta, mifuko 17. Kujengea tofali zote, 45 hadi 50. Jumla inazidi kidogo 200.

Kwenye mifuko utaona 32.5 na 42.5. Hiyo namba inaonyesha nguvu ya saruji ikishakomaa kwa siku 28. Kwa zege la msingi, mkanda, jamvi na lenta nunua 42.5. Kwa kujengea na plasta 32.5 inatosha.

Vipimo vya mchanganyiko visifanywe kwa sepetu. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo 1:2:4 ni mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Maji yasizidi lita 28 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umeloa. Zege la majimaji ni rahisi kumwaga, ndiyo maana vibarua hulipenda, lakini likikauka huwa dhaifu.

*Mchanga na maji.* Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi vinaozesha nondo ndani ya zege. Utaona nyufa na kutu miaka michache baadaye, na hakuna rangi inayoficha. Wanaojenga Kigamboni na ukanda wote wa pwani waonje maji ya kisima kabla ya kuyakubali. Kama ni ya chumvi, weka gharama ya boza kwenye bajeti. Lori la mchanga au kokoto lipime bodi kwa futi kamba kabla halijamwaga: urefu, upana na kimo.

*Nondo.* Lenta yenye nondo nne za milimita 12 kwa mita 90 ni mita 360, ongeza za kupishana, unapata nondo 33 za mita 12. Ringi, yaani vyuma vilivyokunjwa kuzifunga nondo hizo nne pamoja, kila sentimita 20 ni 450. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu huo ina uzito wa kilo 10.6 hivi, ya milimita 10 ni kilo 7.4 na ya milimita 16 ni karibu kilo 19. Omba ipimwe kwenye mzani dukani. Ikikosa kilo nzima, umeuziwa nyembamba.

*Paa.* Hapa watu hudanganyika na ukubwa wa nyumba. Nyumba ni mita za mraba 120, lakini ukilipitisha paa nje ya ukuta kwa sentimita 60 kila upande na ukaliwekea mteremko wa nyuzi 25, bati zinafunika mita za mraba 163. Ukipandisha mpaka nyuzi 35 zinakuwa 180. Bado zile zinazokatwa kwenye pembe. Geji 28 ni nene kuliko 30: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Karibu na bahari tafuta bati lenye mipako ya aluminiamu na zinki, kwa kuwa upepo wa chumvi haulionei huruma bati la kawaida. Mbao ziwe zilizotiwa dawa kweli, zile za misonobari kutoka Mafinga zinapatikana kwa wingi. Kata kipande katikati uone dawa imeingia kiasi gani, mchwa wa huku hawasubiri.

*Plasta.* Kila ukuta una pande mbili. Mita 90 za kuta zetu zinazaa karibu mita za mraba 470 za kupiga plasta, mara nne ya eneo la sakafu. Hiyo ni mifuko 50 hadi 60, na eneo hilohilo ndilo utakalopiga skimu na rangi. Sakafu ya kuwekea marumaru itachukua mifuko mingine 27 hivi. Kwa hiyo nyumba yetu inakula karibu mifuko 300 ya saruji, bila tofali zenyewe, choo wala fensi.

Kugeuza idadi kuwa bajeti

Andika safu nne: kitu, idadi, bei ya leo, jumla. Bei uzichukue kwenye maduka matatu, moja la mtaani kwako, moja la Kariakoo na moja la njiani kwenda saiti, na kwenye kila bei jumlisha usafiri mpaka kiwanjani. Saruji ya bei nzuri Kariakoo inaweza kuwa ghali ikifika Msongola.

Kwa nyumba ya kiwango cha kati, mimi hugawa jumla nzima hivi kwa kuanzia: msingi na jamvi 20 kwa kila 100, kuta na lenta 15, paa 20, umaliziaji 45. Ni kipimo cha kupangia tu, kiwanja cha mteremko kitavuta msingi juu na ladha yako itavuta umaliziaji. Lakini angalia maana yake: boma likisimama, hata likiwa limefika juu ya lenta, umetumia kama theluthi moja ya fedha. Anayemaliza akiba yake yote hapo ndiye mwenye boma la majani.

Juu ya jumla hiyo ongeza 15 kwa kila 100 ya dharura. Usiiguse kwa ajili ya kubadilisha marumaru.

Kanuni ninayoisimamia bila kuyumba: usianze hatua ambayo fedha yake yote haipo. Zege la jamvi halimwagwi nusu. Kenchi, zile fremu za mbao za paa, zikikaa bila bati msimu mmoja wa mvua zinapinda. Kati ya hatua na hatua unaweza kupumzika hata mwaka, mradi usimame mahali salama: baada ya jamvi au baada ya kupaua. Mahali pa kusimama pabaya kuliko pote ni kuta zilizofika juu bila paa wakati masika inakuja.

Kununua vifaa kidogo kidogo ni busara kwa vitu visivyoharibika: tofali, kokoto, bati, vitasa. Saruji nunua ya kutumia ndani ya wiki chache, ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchanga ukiumwaga mapema kwenye mteremko, mvua itaupeleka kwa jirani. Yapo maduka yanayokubali uweke fedha polepole hadi zitimie. Fanya hivyo ukiwa na risiti ya EFD kila unapolipa na bei ya kitu ikiwa imeandikwa.

Kama lazima ukope, peleka mkopo kwenye paa na umaliziaji wa chini kabisa wa kuhamia, kwa kuwa hapo ndipo unaacha kulipa kodi. Mwenye nyumba wako akidai miezi sita au mwaka mzima mbele, angalia kodi inaisha lini na uipange tarehe ya kuhamia sambamba nayo. Mkopo uliozikwa kwenye msingi unakudai riba kila mwezi huku bado umepanga.

Majira

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Anza kuchimba Juni, malori yanapita na mitaro haijai maji. Kuta zisimame Julai na Agosti, na paa liwe juu kabla ya vuli kukolea. Ukichelewa, lenga kupaua Januari au Februari. Kazi za ndani zinaendelea mvua ikinyesha, ilimradi paa lipo. Barabara za Chanika na Goba ndani hukata malori masika, na bei ya mchanga hupanda siku hizo.

Zege na lenta zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba. Mbao za kubeba lenta chini ya milango na madirisha ziachwe wiki mbili. Fundi atataka kuzitoa mapema akazitumie kwingine, kataa.

Fundi, vibarua na daftari

Lipa kwa kipande cha kazi kilichokamilika, usilipe kwa siku isipokuwa kazi ndogo. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, inaanza na kuisha lini, bei, nani analeta maji na vyombo, malipo yanatoka lini, kazi mbovu inarudiwa kwa gharama ya nani. Mshuhudiwe na mtu wa serikali ya mtaa. Malipo ya kwanza yasizidi theluthi.

Msimamizi awe mtu anayeweza kumwambia fundi "vunja hapa". Ndugu anayeona haya hataweza, hata akiwa mwaminifu. Mlipe, mpe daftari lenye vitu vitatu kila siku: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Mwombe picha ya mifuko mitupu ya saruji jioni, na siku ya kumwaga jamvi au lenta uwepo mwenyewe saiti. Kazi hizo mbili hazirudiwi.

Mabomba ya nyaya na ya maji yapite kabla ya plasta. Umeme afanye fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), kwa sababu TANESCO watahitaji hilo kabla ya kukuwekea mita.

Vinavyosahaulika

Karo la maji taka na shimo la kunyonya. Umbali wa nguzo ya TANESCO na bomba la DAWASA. Tangi na mnara wake, pamoja na mifereji ya kuvunia mvua, maana paa letu linaweza kukusanya zaidi ya lita 140,000 kwa mwaka. Dawa ya mchwa chini ya jamvi na nailoni ngumu ya kuzuia unyevu, vitu viwili ambavyo huwezi kuvirudishia baadaye. Grili, vitasa, taa, masinki. Choo cha vibarua na stoo ya muda.

Kisha fensi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Ukuta wa mita 2.2 kuzunguka huko unakula tofali kama 2,000, karibu sawa na kuta zote za nyumba yetu juu ya jamvi, na bado nguzo, msingi wake na geti. Kama bajeti imebana, panda michongoma au weka seng'enge pande tatu na ujenge upande wa barabara tu.

Ili uhamie unahitaji paa, milango ya nje, madirisha yenye grili, choo kimoja kinachofanya kazi, umeme, maji na chumba kimoja au viwili vilivyokamilika. Dari ya sebule, marumaru za vyumba vya watoto, makabati ya jiko na rangi ya nje vinaweza kuja ukiwa ndani. Ila kwa fundi paa usimalize malipo siku anayoshuka. Andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu ya kumi ya fedha yake inabaki kwako mpaka zipite mvua kubwa mbili, na kila zinaponyesha panda darini na tochi ukague mabonde yote, misumari na pale bati linapokutana na ukuta.